Mpaka Gurudumu la Nyuma Lipite

Hinokubo,
Jumapili ya kwanza ya Septemba.

Kaka yangu Masahide,

Pokea heshima ya mdogo kwa mkubwa. Barua hii nimeiandika kwa jina lako, lakini si yako peke yako. Nimeomba ifikishwe ukumbini saa nane mchana, wakati chama chetu kinapokutana kufungua mazoezi ya mwaka, nami nakuomba usimame uisome kwa sauti mbele ya wote, tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale ulimi wako utakapokuwa mzito.

Kwa hiyo, kabla sijasema langu, nawasalimu waliohudhuria, kila mmoja kwa nafasi yake. Namsalimu Mheshimiwa Kuhani wa hekalu letu, ambaye najua ameketi mbali na dirisha kwa sababu ya kifua chake. Nawasalimu wazee wa mtaa wa Kajimachi, waliovuta kamba za gari letu la tamasha kabla sisi hatujazaliwa. Nakusalimu wewe, Kaka, kwa cheo chako cha uenyekiti. Namsalimu kiongozi wa wavutaji na vijana wake, na wapiga ngoma, na wapiga filimbi wetu kumi na wanne, ambao wengi wao bado ni wanafunzi. Nawasalimu pia kina mama walioko jikoni wakifinyanga matonge ya wali, na naomba waitwe sasa hivi waje wasikie. Wali unaweza kungoja.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Bega langu la kulia, lililobeba kamera miaka kumi na miwili, halinyanyuki tena kupita sikio, na usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande. Natumaini mama anakula vizuri na kwamba goti la Shemeji limepoa. Nilikutana naye sokoni akaniambia kwamba mwanenu Haruma sasa anapanda ngazi bila fimbo. Nilifurahi mbele yake, kisha nikaenda kusimama nyuma ya ghala la mchele mpaka nilipoweza kutembea tena. Sababu ya jambo hilo mtaijua kabla barua haijaisha.

Nyote mnaijua kazi yangu, kwa maana sidhani kuna mlango katika mji huu ambao sijaubisha. Nimetengeneza video za Sauti za Hinokubo kwa ajili ya televisheni ya mji na mtandao, na nia yangu ya mwanzo ilikuwa ndogo tu: mji wa watu elfu thelathini na nane, ambao treni ya kasi huupita bila kusimama, uonekane kwamba nao una watu wanaoimba. Nilimrekodi kinyozi wa karibu na stesheni, apigaye gitaa kati ya mteja mmoja na mwingine. Nilimrekodi yule mama wa mkahawa wenye viti vinne, ambaye huwanyamazisha wateja wake ili santuri isikike. Wapiga tarumbeta wa shule ya sekondari niliwafuata kando ya mto, walikofukuziwa na majirani. Mtia rangi vitambaa wa mtaa wa chini alinifukuza mara mbili. Mara ya tatu alinivutia kigoda akasema, “Kaa, Bwana Kamera, lakini usiniulize najisikiaje. Nasikia baridi. Mikono imo majini.”

Kila aliyewahi kurekodi sauti hapa kwetu ana adui mmoja, nanyi mnamfahamu. Saa kumi na moja jioni, kila siku ya Mungu, vipaza sauti vya manispaa vilivyotundikwa nguzoni hupiga ule wimbo wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Hakuna chumba usichoingia wala blanketi liwezalo kuuzuia. Nimewahi kumsimamisha mwimbaji katikati ya ubeti, tukabaki tukitazamana dakika nzima kama watu wawili waliokwama kwenye lifti. Mnipe subira; wimbo huo nitaurudia.

Katika video zote nilizotengeneza, iliyopendwa kuliko zote ni ya gari letu, niliyoirekodi miaka saba iliyopita. Imetazamwa mara laki nne. Mnakumbuka tulivyokuwa kabla yake: tulikuwa na mpiga filimbi mmoja tu, Mzee Tokuzo Hatori, seremala wa milango, na ngoma mbili zilizomfuata yeye. Baada ya video, vijana walianza kuja wenyewe na kuuliza mahali pa kujifunzia. Mzee Hatori hakuwa mwalimu mwepesi. Hakuandika noti, hakuhesabu mapigo, alifundisha siku aliyoipenda, na mwanafunzi aliyeuliza sababu aligongwa kidole kwa filimbi. Wewe, Kaka, uliwahurumia watoto, ukaweka kishikwambi katikati ya ukumbi ili wajifunze kwa kutazama video. Lilikuwa jambo jema, na asitokee leo wa kukulaumu kwalo. Ulikiamini chombo ambacho mdogo wako alikuambia kinaaminika.

Sasa nataja jambo ambalo ninyi nyote mlilishuhudia. Oktoba iliyopita, kwenye kona ya duka la biskuti za mchele la Bwana Enomoto, gari lilipokuwa linapinda, filimbi ziliingia Kurudi Nyumbani, sehemu ya mwisho ya wimbo wetu wa gari. Wavutaji waliposikia sehemu hiyo walifanya walichozoea kufanya tangu enzi za babu zetu, yaani walivuta mbele kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma lilikuwa bado halijapita jiwe la mtaro. Haruma, aliyekuwa akisukuma mkia wa gari ili ukae sawa, alibanwa mguu kati ya gurudumu na jiwe. Sauti ya mfupa ule sote tuliisikia, kwa kuwa wapiga filimbi, walipoona amebanwa, walikuwa wameacha kupuliza.

Tulitafuta sababu. Wengine walisema lami mpya inateleza. Wazee wawili watatu walisema vijana wa siku hizi hawana mapaja. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumevunja ukingo wa paa la duka hilohilo, na Bwana Enomoto, kwa upole wake, akatuuliza, “Mkitaka biskuti, si mbishe mlango kama watu wengine?” Tulicheka, tukamletea fundi. Hakuna aliyeuliza kwa nini kona ambayo gari letu liliipinda kwa zaidi ya miaka mia moja limeanza kuigonga sasa.

Mwezi Julai Bi Orihara, ofisa wa utamaduni wa manispaa, aliniita ofisini kwake. Mnajua kwamba kamati ya urithi ya mkoa itakuja tarehe ishirini mwezi huu kuusikiliza muziki wetu na kuuandikisha kama ulivyorithiwa. Bi Orihara alifurahi sana. Alisema video yangu ndiyo itakayowekwa kuwa kielelezo, ili hata baada ya miaka hamsini mtu asiweze kuupotosha wimbo. Aliniomba niongeze maneno machache ya Mzee Hatori kuhusu siku za zamani, basi nikaenda kumtembelea katika nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kiwanda cha mchuzi wa soya.

Nilimkuta ameketi kitandani. Ana miaka themanini na tisa, na mapafu yake hayampi tena pumzi ya kupuliza filimbi. Alinitazama mikono kwanza, kisha uso, akaniuliza kama nimewasha. Nilimwambia kamera imebaki mapokezini. Akasema, “Basi leo huenda ukasikia.”

Alichukua kijiti kimoja cha kulia chakula kutoka kwenye sinia lake, akakiweka mdomoni kama filimbi, na vidole vyake vikaanza kukimbia. Nilimuuliza anapiga sehemu gani. Alijibu kwamba anapiga Kona. Nikamwambia kwa adabu kwamba wimbo wetu hauna sehemu iitwayo hivyo. Kuna Mwito, kisha kuna Kurudi Nyumbani. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniagiza nichukue toroli la chai lililokuwa koridoni, nilisukume polepole hadi mahali korido inapopinda kwenda bafuni. Yeye alinifuata kwa kiti chake cha magurudumu, kijiti mkononi, akiuvumisha wimbo puani.

“Sukuma! Usinitazame mimi, mimi si bibi harusi. Tazama gurudumu!”

Nilipoanza kupinda, alishika kifungu kimoja kifupi akakirudia. Nilipokwama kwenye mlango wa chumba cha mashuka, alikirudia tena na tena, bila haraka, kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Gurudumu la nyuma lilipopita ukingo, ndipo alipoipandisha sauti na kuingia Kurudi Nyumbani, nami miguu yangu ikaenda mbele yenyewe bila kuagizwa. Muuguzi mmoja alitoka akauliza, “Babu Hatori, chai ya watu mnaipeleka wapi?” Akamjibu, “Inakwenda hekaluni, binti yangu, ila dereva ni mgeni.”

Alinipitisha hapo mara tatu. Safari ya kwanza alikirudia kifungu kile mara sita, ya pili mara tisa, ya tatu mara nne. Nilimuuliza idadi iliyo sahihi. Alisema hilo ni swali la mtu aliyezoea kuketi. Kona haihesabiwi, hutazamwa. Mpiga filimbi hukaa juu ya gari akiwa ameelekeza uso nyuma, na kazi yake ni kuwazuia watu arobaini kwa pumzi yake, wasivute, mpaka gurudumu la nyuma lipite. Siku ya mvua huwa ndefu. Siku ambayo wavutaji wamekunywa huwa ndefu zaidi. “Ninyi mnakimbilia wapi?” akaniuliza. “Bia ya hekaluni haiishi.”

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike.

Siku ile niliyorekodi, gari lilichelewa. Hotuba za wageni zilirefuka mbele ya benki, mnazikumbuka, na gari likaifika kona ya Bwana Enomoto saa kumi na moja kamili. Mzee Hatori alipoianza Kona, vipaza sauti vya manispaa navyo vikaanza. Nilipoketi kuhariri, nilikuta wimbo wa watoto umekifunika kifungu chote, filimbi inasikika kama mtu anayeongea ndani ya maji. Nikakikata. Nilidhani ni marudio tu, yasiyo na hasara. Niliunganisha Mwito na Kurudi Nyumbani, nikauficha mshono kwa makelele ya wavutaji na picha ya taa za karatasi. Ilikuwa kazi safi, na nilijisifia. Nilichokiondoa kilikuwa na urefu wa sekunde arobaini na moja. Rekodi ya awali haipo. Niliifuta mwaka uliofuata ili nipate nafasi ya bendi ya shule. Hivyo watoto wetu walijifunza wimbo usio na kona, na kona ya Mzee Hatori leo haipo popote duniani ila katika vidole vyake.

Ningeweza kuishia hapo, nanyi mngenisamehe kabla chai haijapoa, kwa maana kila fundi huharibu kitu. Lakini sikuiandika barua hii kwa sababu ya kukata.

Miaka minne iliyopita, juu ya gari, mbele ya meya na wageni wake, vijana waliingia Kurudi Nyumbani na Mzee Hatori akabaki peke yake akiirudia Kona. Ngoma hazikujua zimfuate nani. Muziki ukavurugika, na gari likasimama katikati ya njia. Wiki iliyofuata tulikutana humu mlimo sasa. Mnayakumbuka maneno yaliyotembea kabla ya kikao: kwamba Babu amepotelea kwenye kona, apelekewe ramani; kwamba Babu anaongeza maji kwenye supu. Yeye alisimama akasema sentensi moja tu, “Mmeimeza kona.” Tukacheka, si kwa ubaya. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa karibu na mlango nikirekodi, akasema, “Bwana Kamera, wewe ulikuwepo na mashine yako. Waambie ilikuwaje.”

Wote walinigeukia. Kaka, hata wewe ulinitazama. Nami nilijibu kwamba video iko vilevile ilivyorekodiwa, na kwamba kamera haisahau.

Nilikuwa najua. Alipouliza tu, niliuona ule mshono, niliziona na taa za karatasi. Wiki ile video ilikuwa imechaguliwa kuonyeshwa makao makuu ya mkoa, keshoye nilikuwa na kipindi cha kukabidhi, na nilikuwa nimechoka, nataka kikao kiishe nikalale. Nimezitafuta sababu kubwa kuliko hizo kwa miaka minne, sikuzipata. Udogo wake ndio unaonitesa.

Baada ya jibu langu Mzee Hatori aliketi. Aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. Niliona, kwa sababu kioo cha kamera kilikuwa kimemwelekea usoni, jinsi alivyoanza kujiuliza kama kweli ni yeye anayesahau. Mlimpa hati ya shukrani na mto wa kukalia. Kibao cha jina lake mlikishusha kutoka safu ya wapigaji ukutani mwa ukumbi. Mwaka uliofuata mwanawe alimpeleka katika nyumba ya wazee, akiwaeleza wahusika kwamba hata chama chake mwenyewe kimeona kuwa kumbukumbu za baba zimekwenda.

Na mguu wa Haruma, Kaka, ulibanwa ndani ya sekunde zile arobaini na moja. Nilikuja hospitali na kikapu cha matunda nikakaa kando yako, ukanishukuru.

Siku ile ya toroli nilimweleza Mzee Hatori kila kitu. Alikiweka kijiti mapajani. Kisha akauliza kama mfupa wa kijana umeunga. Nikamwambia umeunga. Akasema, “Basi niletee wapigaji. Pole zako kaa nazo.”

Niliyoyaweza peke yangu nimeyafanya. Asubuhi ya leo nimeiondoa video mtandaoni, na Bi Orihara ana barua yangu inayomweleza kwamba video hiyo si kielelezo cha kitu chochote ila cha kazi yangu. Yaliyobaki yako juu ya mkutano huu, na naomba yaamuliwe kabla mtu hajanyanyuka.

Shauri langu ni kwamba mazoezi ya mwaka huu yasifunguliwe ukumbini. Yafunguliwe leo hii, katika korido ya nyumba ya wazee, mbele ya Mzee Hatori. Msimamizi ameshatoa ruhusa. Ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii kuna kibao cha jina lake, nilichokiokota katika sanduku la kamba chakavu boharini. Kaka, kitundike kwa mkono wako mwenyewe, mwanzo wa safu, kisha ukishushe changu. Wapiga filimbi wote waje na filimbi zao, na wakae karibu naye, kwa kuwa sauti yake ni ndogo. Wavutaji nao waje, maana kona ni yao kuliko ya mtu yeyote, na toroli linahitaji wasukumaji. Mimi nimeshathibitika kuwa dereva mbaya. Haruma akikubali, ashike nyuma. Gari lisitoke boharini mwezi Oktoba, wala kamati ya mkoa isiandikishe chochote tarehe ishirini, mpaka Mzee Hatori aseme kwa kinywa chake kwamba gurudumu limepita. Kama ikibidi tuwaambie wageni wa mkoa kwamba mwaka huu hatuna wimbo wa kuwasikilizisha, basi tuwaambie.

Mlango wa wageni hufungwa saa kumi na moja, wimbo wa manispaa unapoanza. Kutoka hapo ukumbini ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Barua hii ikisomwa, mimi niko chumbani kwake. Amevaa koti la chama, lile la buluu, ambalo kumbe hakulirudisha, na ameshauliza mara mbili ni saa ngapi.

Nisalimie mama, umwambie nitakuja kukata majani ya uani kabla ya baridi. Shemeji mpe heshima zangu. Haruma sitamtumia salamu kwa karatasi. Yangu kwake nitamwambia ana kwa ana, akinipa nafasi. Wazee na Mheshimiwa Kuhani naomba wanivumilie kwa urefu wa maneno yangu. Kamera nimeiacha nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Kiyotaka Nezu